Kontena la Kanzu

Kwa miaka tisa makontena ndiyo yaliyoniweka mjini, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuingia ndani ya hata moja. Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, meza ya pembeni, chini ya feni inayozunguka ikijisikia. Kazi yangu ni namba. Kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba ubavuni, nami naziandika, nazihakiki, nazituma. Ukinisomea namba yenye kosa nitalinusa kabla hujafika mwisho. Basi mama yangu aliposema anataka kununua kontena, sikumwacha hata amalize sentensi.

"Hilo niachie mie," nilimwambia.

Mama ni fundi wa kanzu. Ameshona Temeke tangu mimi sijazaliwa, kanzu nyeupe tupu zenye darizi shingoni, na watu wazima na heshima zao walikuwa wanatoka Kinondoni kumfuata kila Ramadhani inapokaribia. Fremu yake ilikuwa chumba kimoja cha mbele kwenye nyumba ya watu. Cherehani ilikaa mlangoni, na majora ya kitambaa yalipangwa ukutani mpaka juu. Siku moja mwenye nyumba akaja na soda mbili baridi, akakaa, akasalimia vizuri mno, na hapo hapo mama akajua kuna jambo. Alikuwa anabomoa ili apandishe ghorofa. Alitupa mwezi mmoja, na mwezi huo ukiisha Ramadhani ingekuwa imebakiza siku chache tu kuingia.

Mimi naishi Bunju, kwenye nyumba iliyokwisha upande mmoja tu, ila kiwanja kinatazama barabara. Mama akaamua tutaweka kontena mbele ya nyumba yangu, atahamia na cherehani yake, na wateja watamfuata huko huko. Sharti lake lilikuwa moja.

"Lisivuje. Mengine yote nitavumilia."

Asiyeshona kanzu anaweza kudhani huyu mama ana makuu. Lakini tone la maji likipita kwenye bati lenye kutu linatua likiwa na rangi ya chai, na rangi hiyo ikishaingia kwenye kitambaa cheupe haitoki kwa sabuni wala kwa dua. Doa moja ni kanzu moja imekufa. Masika yalikuwa yanakuja sambamba na Ramadhani, oda za Idi zilishaanza kuingia, na kanzu ya Idi hupeleki siku ya pili ya Idi.

"Nikiikosa Idi hii," mama alisema akikunja futi yake ya kupimia, "watu watazoea kanzu za dukani. Na mie naweka cherehani chini."

Alilisema kwa kucheka, lakini mama hatanii kuhusu cherehani. Nami namjua mama asiye na kazi. Aliwahi kuteguka mguu akakaa ndani wiki tatu, akamaliza makabati yetu, akaanza kupanga ya majirani. Sikutaka aache kushona. Naliweka wazi mapema, maana ndilo lililonitoa ofisini kwenda kulala chini ya makontena na nguo za kazi.

Miezi hiyo, tena, mama alikuwa amezidi kunituma. Nikifika Temeke tu, kabla sijavua viatu, nakabidhiwa sindano: "Nitungie uzi, uzoee ufundi." Nasomeshwa futi ya kupimia, kwa madai kwamba namba zake zimefutika. Chaki ya kijivu hafifu ilipigwa marufuku ikaletwa ya bluu iliyokoza, na cherehani ikasogezwa mpaka ikawa nusu ndani nusu barazani. Mimi nikaona ni ubabe wa mama mzee na mwanawe wa pekee, nikawa natunga uzi huku nasonya ndani kwa ndani.

Wiki nzima nilisoma kuhusu makontena kwenye simu. Nikagundua kwamba yana madaraja, sawa na mchele. Juu kabisa kuna la safari moja: limetoka kiwandani, likapakiwa mzigo mmoja, likavuka bahari mara moja, na linauzwa rangi yake bado inang'aa. Hilo ni la wenye hoteli. Chini yake kuna lile lililochoka sura lakini bado linaruhusiwa kupanda meli, na mlangoni lina kibao cha chuma kinachoeleza lilitengenezwa lini na lilikaguliwa lini. Linafuata lile ambalo meli hazilitaki tena, ila maji na upepo haviingii. Mkiani kuna linalouzwa kama lilivyo, yaani ulichokiona umekinunua, na usichokiona nacho umekinunua.

Sisi tulitaka la tatu, la futi ishirini. La pili lingependeza, lakini mama hashoni kanzu melini.

Nikaanza kuwa mzigo kwa watu. Ofisini nilimweleza hata dada wa chai tofauti ya daraja na rangi, kwamba kontena likipakwa rangi mpya halijapanda daraja, limeoga tu. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama nataka maandazi au la.

Yadi niliyokwenda iko huko huko Temeke, nyuma ya gereji za malori. Mwenyewe ni mzee wa Kiarabu ambaye babu yake aliuza vyuma mtaa ule ule, na watu wote wanamwita ami, hata wanaomzidi umri. Nilimkuta kavaa msuli na shati la mikono mirefu, kakaa ndani ya kontena lililotobolewa dirisha likawa ofisi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba binti. Unatafuta la namna gani?"

Nikammwagia madaraja yote manne, kwa mpangilio, pamoja na kibao cha mlangoni. Alisubiri nimalize, kwa adabu kabisa.

"Mie humu nina matatu tu," akasema. "La kuwekea unga, la kuwekea matofali, na la kufugia kuku. Wewe unaweka nini?"

"Vitambaa vyeupe vya kanzu."

"Basi unataka la unga. Kapekue."

Nikapekua. La kwanza lilikuwa la bluu, limepakwa juzi, linameremeta mpaka nikajiona usoni mwake. Nikaokota jiwe nikaanza kuligonga taratibu toka upande mmoja kwenda mwingine, nimesoma hivyo. Likalia ti, ti, ti, halafu nilipofika karibu na kona likalia bwi. Nikakwangua kwa ufunguo. Chini ya rangi kulikuwa na ile lipu ngumu wanayozibia mabonde ya magari, na chini ya lipu hakukuwa na kitu. Vijana wa yadi wakatazamana. Nikajisikia bingwa.

La pili lilikuwa zima kila mahali, ila lilishabeba ngozi za ng'ombe. Nilipofungua mlango nikarudi nyuma hatua nne bila kupanga. Sakafu ya kontena ni mbao, na mbao zinakumbuka. Nikawaza Imamu amesimama mbele ya safu siku ya Idi na kanzu inayonuka machinjio, nikafunga mlango. La tatu lilikuwa limepinda kona moja, labda liliwahi kuangushwa, na milango yake ilitaka wanaume wawili na bismillahi tatu ndipo ifunge.

La nne ndilo lililonipata. Lilikuwa la rangi ya udongo, limekwaruzwa, lina mabonde mawili ubavuni, na lilikuwa limekaa chini ya kontena jingine, limelibeba mgongoni kimya. Halikuwa na uzuri wowote. Lakini milango yake ilifunga kwa mkono mmoja, mkono wa kike. Raba za mlangoni zilikuwa laini, hazijapasuka. Sakafu nilitembea ubao kwa ubao nikikanyaga kwa kisigino, na hakuna uliobonyea. Halafu nikatandika kitenge chini, nikalala chali, nikajisukuma uvunguni na tochi ya simu nikaangalia vile vyuma vinavyobeba sakafu. Vilikuwa na kutu ya juu juu tu. Nilipotoka, sketi ya ofisini ilikuwa imekuwa ya gereji.

Kikabaki kipimo cha mwisho, ambacho nilikisoma nikakipenda kuliko vyote: unaingia ndani, unafungiwa milango mchana kweupe, unakaa gizani. Palipo na tundu, hata dogo vipi, mwanga utakuonyesha.

"Sista, ukizimia humo?" kijana mmoja aliniuliza.

"Mkisikia kimya, fungueni."

"Na ukipiga kelele?"

"Hapo pia fungueni."

Wakafunga. Giza la kontena si la umeme kukatika, maana umeme ukikatika kuna mwezi, kuna jirani mwenye jenereta, kuna simu ya mtu. Hili lilinikaa usoni. Nikasoma Ayatul Kursi, nikasubiri macho yazoee, nikaangalia kuta, nikaangalia juu, nikazunguka mzima. Hapakuwa na hata nukta. Nilipogonga wanifungulie nilikuwa natabasamu peke yangu.

Ami ana desturi yake, aliirithi kwa babake. Hapokei mkono wa mnunuzi mpaka mnunuzi aseme kwa mdomo wake alichokagua na ambacho hajakagua. Anasema ugomvi wote wa biashara unatoka kwenye hicho cha pili. Nikamtajia milango, raba, sakafu, uvunguni, na giza.

"Na ambacho hujakagua?"

"Hakuna, ami."

Akaliangalia lile kontena la juu.

"Haya. Kreni ikija kulitoa hilo la juu, njoo uingie tena kabla lako halijapanda lori. Nafanya kukuomba."

Nikasema inshallah, kwa ile sauti ya mtu ambaye hana nia. Tukapeana mikono. Kreni ilikuja siku ya kazi, nikiwa na nyaraka za watu hadi shingoni, nikampigia dereva wa lori nikamwambia lilete tu, nimeshalikagua mimi mwenyewe. Nakumbuka nilivyolitamka hilo la mimi mwenyewe.

Lilifika Bunju Jumamosi, jua la saa sita limesimama utosini. Mama alikuja mapema kutoka Temeke na mkasi wake kwenye mkoba, kama vile angeanza kukata siku hiyo hiyo. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea, alikuwa amepanga matofali ya kulikalisha, na lilipotua vizuri nikamwomba atufungie milango kwa nje. Nilitaka mama alione lile giza. Nilikuwa nimemsimulia mara tatu.

Mama akaingia kwa mguu wa kulia. Milango ikafungwa.

Nikaangalia juu. Paa zima lilikuwa na vitundu. Vingine vidogo kama ncha ya pini, vingine kama punje ya mtama, vimetawanyika kutoka mlangoni mpaka mwisho, na kila kimoja kinapitisha mwanga mweupe mkali. Nikaelewa yote kwa mara moja. Kule yadi lilikuwa limebebeshwa kontena jingine juu yake. Paa lilikuwa limefunikwa. Nilikaa gizani nikipima chuma cha kontena la mtu mwingine. Maji yalikuwa yamenasa kati ya yale mawili kwa miaka, yakala bati polepole, na ami alinisihi nije niangalie, nami nikamjibu inshallah ya uongo.

Nilikuwa najiandaa kusema nimekosea, jambo ambalo huwa linanichukua muda, mama akanitangulia.

"Maashallah," alisema. "Giza zuri hili. Umenunua kitu, mwanangu."

Nikadhani ananifichia aibu, na badala ya kushukuru nikapandwa na hasira. Ndivyo nilivyo, ukinibembeleza nikiwa na kosa nawaka.

"Mama, usinibembeleze. Nimeharibu."

"Nikubembeleze kwa lipi? Umeharibu nini?"

"Si uangalie juu basi."

Nilimsikia akigeuza shingo, ushungi wake ukisuguana na bega. Kisha akauliza, taratibu, kwa sauti ya mtu anayepapasa ukuta kutafuta mlango:

"Kuna nini juu?"

Vitundu vilikuwa pale pale juu yetu, mwanga wake unamwangukia mpaka kwenye ushungi. Sindano zote nilizotunga zikanirudia. Futi ya kupimia ambayo namba zake hazikuwa zimefutika, nilizisoma mwenyewe bila shida. Chaki ya bluu. Cherehani iliyokuwa inahamia nje kidogo kidogo kufuata jua. Na ile kanzu iliyorudishwa mwaka uliotangulia, darizi yake imepanda upande mmoja, mama akasema mteja ana shingo mbovu, tukacheka wote wawili.

"Mama, unaona nini hapo?"

"Naona kaukungu," alisema. "Nilidhani ndilo giza lenyewe."

Niliogopa, na nilijionea haya kuliko nilivyoogopa. Miezi yote ile nilikuwa namtungia uzi huku nasonya. Nikamshika mkono, nikamgongea fundi afungue.

Tukakaa kwenye matofali yaliyobaki, kivulini, na mama akaanza kujitetea kabla sijamshtaki. Kwamba ni umri tu. Kwamba anashona kwa vidole, macho ni ya kuangalia watu. Kwamba angeniambia baada ya Idi, maana angesema kabla ningemzuia asipokee oda.

"Ningekuzuia," nilikubali.

"Unaona sasa."

"Twende hospitali, mama."

"Jicho si shati. Ukikosea huwezi kufumua."

Nikaazima swali la ami. Nikamwambia anitajie katika mwili wake alichokagua na ambacho hajakagua. Akanitajia presha, sukari, goti la kushoto na jino. Nikauliza, na ambacho hujakagua? Akavua subana yake, ile kofia ya chuma ya kukinga kidole na sindano, anayoivaa hata akiwa safarini, akaivaa tena.

"Baada ya Idi," alisema.

"Kweli baada ya Idi, au inshallah kama ile yangu ya yadi?"

"Kweli. Sasa niambie hilo kontena lina nini."

Nikamweleza yote, pamoja na mtu aliyelala kwenye kitenge akikagua uvungu na kusahau paa. Alicheka mpaka akashika ubavu, na fundi naye akapata la kucheka wiki nzima. Nilimpigia ami nikiwa tayari kwa ugomvi, nikakosa wa kugombana naye.

"Nilikuomba uje," alisema.

"Uliniomba, ami."

"Basi lako sasa ni la matofali. Lakini halijawa la kuku. Tafuta fundi mzuri, lirudishe kwenye unga."

Na ndivyo tulivyofanya. Mimi nilipanda kwenye stuli ndani, milango imefungwa, nikazungushia kila tundu duara kwa chaki ya bluu ya mama na kuligonga kwa chini, na fundi akiwa juu ya paa anafuata mlio akitia alama. Palipooza sana alikata akachomelea bati jipya. Vitundu vya ncha ya pini alivisugua mpaka chuma kikang'aa, akaviziba, akapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Alinionya kwamba bati lililokwisha huwezi kulichomelea tu, moto unaongeza tundu, lazima ukate mpaka ukutane na chuma kizima. Nikalikariri hilo nikampelekee dada wa chai. Mwisho tukaingia wote wawili, binti wa fundi akatufungia, tukaangalia juu mpaka shingo zikauma. Giza tupu. Tukamwagia maji kwa mpira kwa saa nzima, na sakafu ikabaki kavu.

Cherehani ilihamia siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Ramadhani nzima, baada ya daku na swala ya alfajiri, kabla sijatoka kwenda kazini, mimi nilikuwa macho ya mama. Nilitunga sindano ishirini na kuzichomeka kwenye mto mdogo zimsubiri. Nilisoma vipimo, nikachora mistari, nikamwambia darizi inapanda au inashuka. Vidole vyake vilifanya yaliyobaki, na vidole vile, ukweli usemwe, havikunihitaji sana. Mara moja nilimwambia mshono umepinda, akaupapasa kwa gumba akasema uliopinda ni mimi, nimekaa upande. Nikasimama nikaangalia upya. Alikuwa sahihi.

Mvua zilishuka katikati ya mwezi. Zilipiga lile paa mpaka tukawa tunaongea kwa mikono, na mama kila baada ya muda anapitisha kiganja juu ya majora, moja moja, akihakikisha. Kila kanzu ilimfikia mwenyewe kabla ya Idi. Nyeupe. Wateja wawili walilalamika kwamba Bunju ni mbali, wakaagiza tena hapo hapo.

Baada ya Idi nilikumbusha mara moja tu. Mama alikuwa ameshafunga mkoba. Hospitali walimwangalia wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba amechelewa lakini hajachelewa sana. Walifanya la kulia kwanza, wiki kadhaa baadaye la kushoto. Mimi nilikaa kwenye benchi nje nimeshika subana yake, maana hakuruhusiwa kuingia nayo, nikaivaa na kuivua mpaka kidole kikawa chekundu. Siku ya kwanza alipotolewa bandeji, alinitazama kwa makini akaniuliza tangu lini nimeota mvi, na kwa nini hakuna aliyemwambia.

Aliporudi Bunju hakutaka kupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwenye kontena, akasimama katikati, akazunguka taratibu. Akaona vipande vyote vya uzi nilivyoacha sakafuni na akavisema. Akaona kwamba pazia nililonunua halifanani na chochote. Kisha akamwita fundi.

"Hebu tufungie milango," alisema. "Siku ile sikuona. Nataka kuona mlichokifanya."

Fundi akafunga. Tukasimama bega kwa bega, jua la saa sita nje, na giza likatukaa usoni. Niliangalia juu kwa mazoea. Hakuna hata nukta. Nikangoja asifie, nikajiandaa kabisa na maneno ya unyenyekevu.

"Na hili mbona mmeliacha?" mama akauliza.

"Lipi?"

"Hilo. Chini huko, kona ya kushoto, nyuma ya mguu wa cherehani."

Nikaangalia, sikuona kitu. Nikapiga magoti, nikasogeza meza, nikaweka shavu sakafuni. Lilikuwepo. Miezi yote ile mimi na fundi tulikuwa tunaangalia paa tu, hakuna aliyeangalia chini. Lilikuwa dogo sana, upana wa tundu la sindano ninayomtungia, na uzi mwembamba wa mwanga ulikuwa unapita ndani yake mpaka kwenye vidole vya miguu ya mama, hatua tano kutoka pale.

"Unaliona?" aliniuliza.

"Naliona, mama."

Fundi akagonga kwa nje. "Nifungue?"

Nikamwambia bado kidogo. Nilikuwa nalia, na akifungua, mama angeniona.